Tuma linki, usitume faili

Ukitaka kujua kampuni inatunzaje vitu vyake vya matangazo usiulize wanatumia mfumo gani, we ingia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi utafute neno "logo". Utakuta "jamani nani ana logo", chini yake "hiyo ya zamani, kuna mpya", halafu "mwenye broshua anitumie fasta nipo na mteja", na kila ombi limejibiwa na mtu tofauti aliyetuma faili tofauti, na wote wameshukuriwa na kazi imeendelea. Na kampuni hiyo hiyo inalipia klaudi kila mwezi, folda zipo, nafasi ipo tele, pasiwedi kila mtu anayo.

Kazi yangu ndo hiyo, kupanga vitu vya masoko vya makampuni: logo, picha za bidhaa, vipeperushi, prizentesheni za watu wa sales, video, mabango, templeti za posti za mitandaoni, mpaka saini za imeili. Na kama kuna jambo moja nalisimamia kuliko yote ni hili, kitu cha matangazo kinatakiwa kiwe na makao mamoja na watu waonyeshwe njia ya kufika pale, wasigawiwe nakala. Ukiwaambia watu hivyo wote wanaitikia kwa kichwa, ila waangalie saa kumi jioni mteja akiwa anasubiri kwenye simu.

Shida ya faili ni kwamba ukishalituma limeshazaa. Lile la kwako limebaki kwako, na la mwenzako sasa lina maisha yake, ataliweka kwenye desktopu, atalibadilisha jina, atamtumia wakala, wakala atampa mchapaji, na mwaka kesho mchapaji atalitumia tena kwa sababu ndo lililopo kwenye mashine yake. Mkibadilisha namba ya simu ya kampuni leo hamna mtu yeyote duniani anayejua zile nakala ziko ngapi wala ziko wapi. Linki haina hayo mambo. Linki watu wote mia wanaoibonyeza wanafika sehemu moja, ukibadilisha kilichopo pale umewabadilishia wote.

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa ndege wa Twitter. Julai 2023 Twitter ikawa X, yule ndege wa bluu akaondolewa, na hadi leo ukipokea kadi za biashara na vipeperushi utamkuta bado yupo kwenye kona ya chini. Nimeona hata alama ya Google+, ule mtandao wa kijamii wa Google, kwenye banna inayosimamishwa mlangoni kwenye maonyesho, na Google+ ilifungwa Aprili 2019. Sio kwamba hao watu hawajui, dizaina wao alishatengeneza toleo jipya siku nyingi, ila mtu aliyeenda kuchapisha alichukua faili lililokuwa karibu naye, na lililokuwa karibu naye ni lile alilotumiwa zamani.

Na hapo bado hatujagusa kinacholipata faili lenyewe njiani. Ukituma logo kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa, na kama ilikuwa PNG isiyo na bakgraundi inageuzwa JPEG, pale palipokuwa wazi panajazwa rangi, ndo unaona logo imekaa ndani ya kiboksi cheupe juu ya bango jekundu. Jina nalo linapotea. Kwenye simu ya Android inahifadhiwa kwa jina kama IMG-20230724-WA0007.jpg, yaani jina lote linakwambia tarehe na kwamba imepita WhatsApp, basi, haikwambii ni logo ya nani, toleo gani, ya kuchapisha au ya kuweka kwenye tovuti. Kama ni lazima upitishe huko tuma kama dokumenti, hapo faili linafika lilivyo, na tangu 2022 wanaruhusu mpaka GB 2. Lakini hata hivyo bado umetuma nakala.

Sasa watu wengi wanaogopa linki kwa sababu wanaamini zinakufa. Zinakufa kweli ukizitunza vibaya, ila ukijua zinavyofanya kazi zinadumu. Kwenye Google Drive, klaudi ya Google, kwa mfano linki inafuata faili lenyewe, haifuati jina wala folda, kwa hiyo unaweza kulihamisha kutoka folda moja kwenda nyingine, ukalibadilisha jina, na linki uliyogawa mwaka jana bado inafungua. Linki inavunjika pale mtu anapofuta faili la zamani na kupakia jipya pembeni, manake hilo jipya kwa mfumo ni kitu kingine kabisa. Njia sahihi ni kubonyeza lile faili la zamani, uende kwenye usimamizi wa matoleo, upakie toleo jipya humo humo. Linki haibadiliki, kilichomo ndo kinabadilika. Nikifundisha timu yoyote hiki ndo kitu cha kwanza nawaonyesha, na kila mara kuna mtu anasema kumbe, miaka yote hii. Angalizo tu, kwa mafaili kama PDF na picha yale matoleo ya nyuma Drive inayafuta baada ya siku 30 au yakifika 100, isipokuwa yale uliyoyawekea alama ya kutunzwa moja kwa moja. Kwa hiyo toleo mlilolichapishia mzigo wa maana liwekeeni hiyo alama, siku mteja akilalamika kwamba kipeperushi kilisema hivi muwe na cha kufungua.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko mfumo wenyewe, nalo ni faili ni la nani. Sizungumzii mambo ya mahakamani, nazungumzia akaunti. Makampuni mengi, hasa yale yaliyoanza yakiwa madogo, vitu vyao viko kwenye Gmail binafsi ya mtu aliyekuwepo siku ile. Mtu mzuri, mchapakazi, alifungua folda akawashirikisha wenzake, kila mtu anaiona, kwa hiyo kila mtu anadhani ni ya kampuni. Sio ya kampuni. Ni ya yule mtu, na siku akiifuta hata kwa bahati mbaya tu, akiwa anapunguza vitu ili picha zake za familia zipate nafasi kwenye zile GB 15 za bure, imeondoka kwa wote. Mbaya zaidi, Google walishatangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na kila kilichomo, na walianza kutekeleza Desemba 2023. Sasa fikiria akaunti aliyoifungua mtu wa masoko wa kwanza kabisa, akaondoka, na hamna aliyeingia tena.

Kuna kampuni moja niliitwa kusaidia baada ya tukio. Wao walikuwa na akaunti za kikazi za kulipia, mambo yote rasmi. Dizaina wao aliacha kazi vizuri tu, wakaagana, IT wakafuta akaunti yake kama taratibu zinavyosema. Mafaili ya asili ya vifungashio vyote, yale ambayo bado yana leya, yaani kila kitu kwenye tabaka lake, na maandishi yanayoweza kurekebishwa, yalikuwa kwenye sehemu yake binafsi ya Drive, amewashirikisha wenzake kwa kuangalia tu. Ukifuta akaunti ya mtumiaji kwenye Google Workspace, ndo hizo akaunti za kikazi za kulipia, admin ana siku 20 za kuirudisha, zikipita basi. Waligundua zimeshapita, siku walipotaka kubadilisha uzito kwenye pakiti moja. Kilichobaki ni PDF za mwisho walizompelekea mchapaji, nyingine zikiwa zimebanwa. Walichora upya vifungashio kimoja kimoja. Niliwahi kukaa na yule kijana aliyepewa hiyo kazi, amefungua PDF upande mmoja na karatasi nyeupe upande wa pili, anahangaika kutambua ile fonti ya jina la bidhaa ni ipi, kwa sababu kwenye PDF maandishi yalishageuzwa kuwa maumbo na hamna sehemu yoyote iliyoandikwa jina la fonti. Herufi g ilikuwa inakaribia lakini sio yenyewe, mkia wake ulikuwa umejikunja zaidi.

Dawa yake ni rahisi mno na ndo maana inauma. Kwenye Workspace kuna kinachoitwa draivu za pamoja, hizi mafaili yake ni ya timu, sio ya mtu, mtu akiondoka vitu vinabaki pale pale. Hazipo kwenye akaunti za bure, na sio kila kifurushi cha kulipia kinazo, kwa hiyo angalia kabla hujalipa. SharePoint na Dropbox ya biashara nazo zina namna yake ya folda za timu. Chochote mnachotumia uliza swali moja, huyu mtu akaunti yake ikifutwa leo usiku, kesho asubuhi nini hakipo? Na uliza hilo swali pia kwa Canva, ile programu ya kudizaini mtandaoni, kwa akaunti ya kutuma imeili za matangazo, kwa picha mlizonunua mtandaoni kwa jina la mtu, na kwa dizaina wa nje mnayemlipa kwa kazi. Huyu wa nje mkataba useme anakabidhi faili la asili pamoja na orodha ya fonti, na analiweka yeye mwenyewe kwenye folda yenu kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Sio dharau kwa dizaina, nawaheshimu sana hawa watu na wengi wao wangependa waambiwe hivyo mapema, kuliko kupigiwa simu mwaka wa tatu wakiulizwa kitu kilichokuwa kwenye laptopu ambayo ilishaibiwa.

Mpangilio wa folda watu wanapenda sana kuujadili, vikao viwili vitatu, mimi siupi muda mwingi. Panga kwa namna anayetafuta anavyofikiria. Mtu wa sales hafikirii "idara ya masoko, robo ya pili, kampeni", anafikiria jina la bidhaa, basi folda ya juu iwe bidhaa. Zisizidi ngazi tatu kwenda chini, kwenye simu ngazi ya nne hamna mtu anaifika. Tarehe kwenye jina la faili andika mwaka kwanza, mwezi, halafu siku, 2024-03-09, hiyo ni ISO 8601 na uzuri wake ni kwamba kompyuta ikipanga kwa herufi zinajipanga zenyewe kwa muda, na hamna atakayebisha kama 03 ni mwezi au siku. Maneno kama "mwisho", "mpya", "ya kweli" yaondoke kwenye majina, kwa sababu kila faili siku moja lilikuwa jipya.

Kinachosaidia kuliko folda ni kutenganisha kinachotengenezwa na kilichokubaliwa. Sehemu ya kwanza ni jikoni, huko madizaina na waandishi wanafanya wanavyotaka, matoleo ishirini sawa, na sales hawaingii kabisa, hawaioni hata kwenye utafutaji. Sehemu ya pili ni vilivyoidhinishwa, humo kila kitu kipo kimoja tu, na mwenye uwezo wa kuweka na kutoa ni mtu mmoja mwenye jina, na msaidizi wake akiwa likizo. Wengine wote wanaangalia na kupakua. Ya tatu ni kumbukumbu, vya zamani, vinasomeka ila vimetolewa njiani. Ukiwapa watu wote ruhusa ya kuhariri ile ya pili, ukijiambia tunaaminiana, ndani ya muda mfupi mtu atafungua prizentesheni ya kampuni aweke jina la mteja wake kwenye slaidi ya kwanza, na mwenzake ataenda nayo hivyo hivyo kwa mteja mwingine. Kwenye prizentesheni za Google Slides kuna kitu kizuri kwa hili, ile linki ukibadilisha neno edit mwishoni uweke copy, anayeifungua anaambiwa atengeneze nakala yake, ile ya asili haiguswi. Najua hapo ni nakala nimeruhusu, ila hii ni nakala ya kutumia kwa mteja mmoja, sio ya kusambaza, na toleo mama liko salama.

Sasa nirudi kwa mtu wa sales, kwa sababu huyu ndo anaamua kama mfumo unaishi au unakufa, sio bosi na sio mimi. Kaa naye pembeni umuangalie. Mteja amemwomba bei na maelezo ya bidhaa. Anatoa simu, anafungua Drive, inamuonyesha akaunti yake binafsi, anabadilisha akaunti, anaombwa pasiwedi, anakumbuka, anaingia, anaona folda nyingi, anabonyeza moja, inazunguka, intaneti ya pale sio nzuri, PDF ina MB 48 kwa sababu ndo ile ya kuchapishia. Anafunga. Anafungua WhatsApp, anaandika "mwenye broshua anitumie". Jibu linakuja chini ya dakika. Huwezi kumlaumu, mteja yuko mbele yake. Mfumo wako unashindana na hiyo dakika moja, na kama hauishindi basi hata uulipie namna gani umeshashindwa.

Kwa hiyo mimi natengeneza ukurasa mmoja tu, Google Sites au hata dokumenti ya kawaida, una majina ya bidhaa, na chini ya kila jina linki tatu nne, broshua nyepesi ya kutuma kwenye simu, picha, prizentesheni, video. Broshua nyepesi namaanisha MB 2 au 3, imetolewa mahsusi kwa ajili ya simu, na ile nzito ya mchapaji iko sehemu yake na sales hawana haja nayo. Linki ya huo ukurasa inakaa kwenye maelezo ya grupu, inapiniwa juu, inawekwa kwenye skrini ya mwanzo ya simu ya kila mtu, nawawekea mwenyewe kwa mkono, simu moja moja, siku ya mafunzo. Vile vya muhimu wanaviwekea alama ya kupatikana bila intaneti. Na yale yanayokwenda kwa wateja linki zake zinafunguka bila kuombwa kuingia, kwa sababu mteja akibonyeza akaambiwa omba ruhusa amekwisha kukukimbia. Ila hizo za wazi ziwe za vitu vilivyoidhinishwa peke yake, manake "yeyote mwenye linki" ni yeyote kweli, hata mshindani aliyeforwadiwa, na kampeni ambayo haijazinduliwa haitakiwi kuwa na linki ya namna hiyo hata kwa dakika moja. Mawakala na wachapaji wape linki yenye mwisho wa muda kama mfumo wenu unaruhusu.

Mambo ya kuchapisha nitapita haraka, yana wataalamu wake. Logo ihifadhiwe kwanza kama vekta, yaani mchoro wa mistari sio wa vidoti, SVG na PDF au EPS, kwa sababu vekta unaikuza mpaka ukubwa wa jengo haipasuki. Ukiwa na PNG ya pikseli 400 tu, kwa uchapishaji wa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa inchi, inatoka upana wa sentimita 3.4 hivi, yaani inatosha kona ya kadi, ukiivuta zaidi ya hapo inaanza kuwa na ukungu. Karatasi ya A4 kwa kiwango hicho inataka pikseli 2480 kwa 3508. Weka folda mbili, ya skrini iwe ya rangi za RGB, ya kuchapisha iwe ya rangi za CMYK, na ziandikwe hivyo kwa maneno ya kawaida, "ya mitandaoni" na "ya mchapaji", sio kila mtu anajua hizo herufi na hatakiwi kulazimika kujua. Namba za rangi za kampuni ziandikwe kama maandishi kwenye dokumenti, zisiishie ndani ya faili la dizaini tu. Mwaka 2022 paleti nyingi za Pantone, ule mfumo wa rangi zenye namba maalum, ziliondolewa kwenye programu za Adobe, na watu wakafungua mafaili yao ya Photoshop ya miaka ya nyuma wakakuta pale palipokuwa na rangi ya Pantone pamekuwa peusi mpaka walipie huduma ya Pantone yenyewe. Faili lako lilikuwepo, klaudi ilikuwepo, rangi haipo. Aliyekuwa na zile namba pembeni kwa CMYK na RGB aliendelea na kazi yake.

Haki za picha ndo sehemu ambayo makampuni mengi hayaitazami kabisa hadi barua ifike. Kwa macho tu picha haikuambii ilitoka wapi. Ukiwa na folda ya picha 3000 na hujui ipi mlipiga wenyewe, ipi mlinunua, ipi mtu aliichukua Google akijua ya bure, basi zote 3000 ni za mashaka. Picha mliyonunua ina leseni, na leseni zinatofautiana, kuna zile za matumizi ya kihabari ambazo ukiziweka kwenye tangazo umevunja masharti hata kama ulilipa. Picha ya mtu anayetambulika inataka ridhaa yake iliyoandikwa. Kwa Ulaya, tangu sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ianze kutumika Mei 2018, mtu aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa, na kuiondoa kunatakiwa kuwe rahisi kama kulivyokuwa kuitoa. Sasa mfanyakazi wenu aliyeko kwenye jalada la broshua akiacha kazi na kusema sitaki tena sura yangu, mnajua amewekwa wapi kote? Hapo ndo makao mamoja yanalipa kwa mara nyingine, picha moja, faili moja, orodha ya mahali ilipotumika.

Ninachofanya ni kuandika ndani ya picha yenyewe. Picha zina nafasi za maelezo kwa mtindo wa IPTC, kiwango cha kuandika taarifa ndani ya picha, jina la mpigaji, haki ni ya nani, masharti ya matumizi, na hayo yanasafiri na faili hata likibadilishwa jina. Mitandao mingi ya kijamii huyafuta ukipakia, kwa hiyo usitegemee hayo peke yake, weka na karatasi ya leseni au fomu ya ridhaa kwenye folda ile ile, jina lile lile mwisho wake "leseni" au "ridhaa". Leseni yenye mwisho, tarehe ya mwisho iwekwe kwenye kalenda ya timu, sio kwenye kichwa cha mtu. Na muziki wa video usisahau, wimbo unaoruhusiwa kwenye posti binafsi sio lazima uruhusiwe kwenye akaunti ya biashara, TikTok kwa mfano wana maktaba tofauti kabisa ya muziki kwa ajili ya biashara.

Watu wakishahamia klaudi wanalala usingizi mzito kwamba sasa vitu haviwezi kupotea. Klaudi ni kompyuta za watu wengine zilizo kwenye jengo fulani, na majengo yanaungua. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya klaudi ya OVHcloud pale Strasbourg, Ufaransa, kiliungua usiku, hakuna aliyeumia, ila kuna wateja waliopoteza vitu moja kwa moja, wengine bekapu zao zilikuwa eneo lile lile. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya S3 ya Amazon, ya kuhifadhi mafaili ya tovuti na programu, ilisimama kwa saa kadhaa kwa sababu amri moja iliandikwa vibaya ikazima seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na tovuti nyingi duniani zikapoteza picha zake kwa muda huo. Haya ni makampuni yenye wataalamu wakubwa. Na hatari iliyo karibu zaidi ni yetu wenyewe, mtu akifuta folda kwenye laptopu iliyounganishwa na klaudi, inafutwa na huko, kwa wote. Kusawazisha sio bekapu. Kwenye Drive kapu la taka linakaa siku 30, mkichelewa kugundua basi. Mpigapicha Peter Krogh ndo aliyeifanya ijulikane ile kanuni ya 3-2-1, nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe mahali pengine, na hata kampuni ndogo inaiweza, klaudi moja ya kazi, diski moja ofisini, nyingine nyumbani kwa mtu mnayemuamini au klaudi ya pili. Zile nakala ni za bekapu tu, hamna anayefanyia kazi humo. Na kila baada ya miezi kadhaa chukua faili moja uliloliokota tu, lirudishe kutoka bekapu, lifungue. Kama halifunguki ujue huna bekapu.

Mwisho ni lile swali naloulizwa kila mahali, tununue mfumo maalum? Ipo mifumo mizuri ya kazi hii hasa, Bynder, Canto, Brandfolder, unatafuta picha kwa maneno, leseni ikiisha picha inajificha yenyewe, mchapaji anajichagulia ukubwa anaoutaka. Ipo na ya chanzo huria kama ResourceSpace, au Nextcloud kama mnataka klaudi yenu kwenye seva yenu, ila hapo lazima muwe na mtu wa kuitunza, sio wa kuifunga tu akaondoka. Kwa maoni yangu kampuni ambayo vitu vyake vilivyoidhinishwa havizidi mia chache haina haja bado, Drive au SharePoint iliyopangwa vizuri inatosha sana, na ambayo haijaweza kukubaliana nani anaidhinisha broshua haitasaidiwa na mfumo wowote. Wenye nchi nyingi, lugha nyingi, mawakala wengi, picha elfu kumi, hao waende, tena wamechelewa.

Na msihamishe kila kitu. Anzeni na vile vilivyotumika miezi mitatu iliyopita, hivyo tu ndo vipitiwe, vipewe majina, viidhinishwe. Vya zamani vyote vitupeni kwenye kumbukumbu vilivyo, bila kuvipanga, vifungwe kuhariri. Mtu akikiomba kimoja ndo kinatolewa, kinakaguliwa, kinapandishwa. Nimeona miradi ya kupanga miaka kumi ya mafaili kabla ya kuanza, timu inachoka iko mwaka wa pili wa picha na watu wameshajenga tena vifolda vyao pembeni. Na kabla ya kusaini na yeyote waambieni wawaonyeshe mnavyotoka, sio mnavyoingia: je, mafaili yote yanatoka kwa mkupuo, matoleo ya nyuma yanakuja nayo, maelezo na leseni mlizoandika yanatoka kwenye jedwali linalosomeka kwenye mfumo mwingine, na zile linki mlizogawa kwa wateja zitaendelea kufunguka kwa muda gani baada ya mkataba kuisha. Hilo la linki mara nyingi hawana jibu la papo kwa papo, waambieni waandike kwenye mkataba.